Tumbo la Mama na Kadi ya Kibarua

(Maneno tuliyoyasema baada ya ibada, mbele ya akina mama, wazee wa kanisa na wanaharakati)



Kifungu cha 2A kilipoondolewa katika Katiba mwezi wa Desemba 1991, wengi wetu tulidhani kwamba mwenye kura amekuwa raia kamili. Hatukukosea kushangilia. Lakini mama aliyepiga kura mwaka 1992 alirudi kazini chini ya Sheria ya Ajira ya 1976, iliyompa miezi 2 ya likizo ya uzazi kisha ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka, kana kwamba kujifungua ni mapumziko. Ilibidi tungoje Sheria ya Ajira ya 2007. Hiyo inatoa miezi 3 yenye mshahara kamili, wala likizo ya mwaka haiguswi. Mama ana haki ya kurudia kazi yake, na mimba si sababu halali ya kumfuta. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, nayo inakataza ubaguzi kwa sababu ya mimba.

Mbona basi dada zetu wanajikaza kwa leso hadi mwezi wa sita ili msimamizi asione tumbo?

Jibu ni kibarua. Tunamjua mama aliyechuma maua miaka 4 kandokando ya Ziwa Naivasha. Kila miezi 3 ilipokaribia kwisha aliambiwa apumzike juma moja, kisha akaandikwa upya kama mgeni. Tumbo lilipoonekana, hakufutwa. Aliambiwa tu kwamba safari hii jina lake halimo katika orodha.

Tusimsingizie mwajiri pia. Sheria inamwachia yeye peke yake kulipa mshahara wa miezi hiyo 3. Mwenye duka la wafanyakazi 4 hupiga hesabu zake usiku, na asubuhi huajiri mwanamume. Mzigo aliotwikwa ameutua mabegani mwa mama. Sisi tunadai gharama ya uzazi ichangwe na taifa zima, na mgombea yeyote atakayekuja hapa kuomba kura aulizwe hilo kabla hajapewa kipaza sauti.

Wakati tukingoja, ziko haki ambazo wengi hawazijui. Sheria hiyohiyo inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Mkataba wa miezi 3 au zaidi sharti uandikwe, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Asipouleta mahakamani, ni juu yake kuthibitisha yale anayoyabishia. Kwa hiyo kadi ya kazini, karatasi ya malipo, hata ujumbe wa M-Pesa, vyote ni ushahidi. Nasi tumeona makaratasi haya yakiwashiwa jiko! Tena mama hudaiwa amjulishe mwajiri kwa maandishi, kwa kawaida siku 7 kabla ya likizo kuanza. Anayeficha tumbo hadi mwisho anajinyima haki hiyo mwenyewe, ingawa tunaielewa hofu yake.

Na sasa neno gumu. Kanisa nalo ni mwajiri. Lina shule, lina zahanati, lina makarani. Msichana anayetulelea watoto nyumbani tukiwa hapa tunaimba, naye ni mwajiriwa. Ni wangapi kati yetu tumemwandikia mkataba? Akishika mimba, je, hatumpeleki stendi ya matatu na begi lake siku hiyohiyo?

Tunaiomba kamati ya kanisa itupe chumba cha Shule ya Jumapili siku moja kila mwezi, akina mama walete makaratasi yao tuyasome pamoja kabla ya kwenda kwa afisa wa leba. Na mkataba wa kwanza kukaguliwa uwe wa mama anayefagia kanisa hili.