Kujaza Risasi Upya: Je, Ni Faida?



Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za desturi moja ya Marekani. Katika nchi ile wako watu wengi, wawindaji na walenga shabaha, ambao hawatupi maganda ya risasi zao. Huyaokota, wakayachukua nyumbani, wakayajaza tena. Ukiwauliza sababu, wengi hujibu kwamba wapunguza gharama. Basi na tuipime hesabu yao, tuone kama ni ya kweli.

Kwanza yatupasa kujua risasi moja ina nini. Ina vitu vinne: ganda la shaba ya manjano; fataki ndogo iliyo kitakoni mwa ganda, nayo ndiyo iwashayo moto; baruti; na kichwa, yaani kile kitokacho kwenda kupiga. Bunduki ikilia, vitatu hupotea na ganda hubaki, nalo mara nyingi ndilo ghali kuliko vyote. Hapo ndipo faida ilipo.

Si kila ganda hujazika kwa urahisi. Ganda la namna ya Boxer, aliyekuwa Mwingereza, lina tundu moja katikati, na sindano hupita humo ikaisukuma nje fataki iliyokwisha kazi. Ganda la namna ya Berdan, aliyekuwa Mmarekani, kwa kawaida lina matundu mawili ya pembeni, na kuitoa fataki yake ni taabu. Ajabu ni kwamba Wamarekani walishika ya Mwingereza, na nchi nyingi za Ulaya zikashika ya Mmarekani.

Kazi hii ilipata nguvu zamani za vita kuu ya pili. Mwaka 1943, bidhaa za wawindaji zilipokuwa adimu, Fred Huntington wa Oroville, California, alianza kutengeneza vyombo vya kufanyizia vichwa vya risasi, na magamba ya vichwa hivyo yalitokana na maganda matupu ya bunduki ndogo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti ya serikali iliyobaki, akawauzia wajazaji. Mwaka 1949 Joyce Hornady naye akaanza kutengeneza vichwa mjini Grand Island, Nebraska.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ratili moja ya baruti ni greni 7,000. Risasi ya .30-06, ambayo jeshi la Marekani liliikubali mwaka 1906, hula greni 50 hivi. Basi ratili moja yatosha risasi 140. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ratili hiyo yauzwa dola 49: baruti ya risasi moja ni senti 35. Tuseme fataki ni senti 10 na kichwa senti 40. Jumla ni senti 85. Ikiwa risasi mpya dukani ni senti 150, mjazaji amebakiza senti 65.

Lakini hajamaliza. Lazima awe na mtambo wa kushindilia, kalibu, mzani na kitabu cha vipimo. Tuseme vyote vyamgharimu dola 325. Ugawe kwa senti 65, utaona kwamba hana budi kujaza risasi 500 kabla hajapata faida hata senti moja. Mlenga shabaha apigaye risasi 50 kila juma atafika huko kwa majuma 10. Mwindaji apigaye risasi 20 kwa mwaka atangoja miaka 25. Kwa hiyo kazi ni moja, ila humfaa huyu wala haimfai yule.

Tena liko jambo ambalo wajazaji wenyewe hukiri kwa kucheka. Mtu akiona risasi zake zimekuwa rahisi, hupiga nyingi zaidi, na mwisho wa mwaka fedha zilizotoka mfukoni ni zile zile. Amepata mazoezi mengi na shabaha njema, nalo ni jambo jema, lakini asiliite akiba.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Baruti ziko za namna nyingi, nazo kwa macho hufanana. Aliyetia namna isiyopasa, au aliyetia kipimo mara mbili katika ganda moja kwa sababu alikuwa akizungumza, aweza kuipasua bunduki mbele ya uso wake. Kwa hiyo wajazaji wenye busara huweka mezani chupa moja tu ya baruti, hawatumii kamwe baruti iliyopotewa na jina lake, hupima kwa mzani, na hutazama ndani ya kila ganda kabla ya kulifunga. Ganda lenye ufa hulitupa, hata kama moyo wasema lafaa mara moja tena.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na neno lao ni kweli. Lakini katika kazi hii ile haba ni ya kupimwa, wala si ya kukisiwa. Senti 65 ni fedha njema, lakini hazinunui jicho.