Kabla Hamjamwita Fundi
(Maneno aliyotoa mhudumu wa jamii katika mkutano wa vikundi, Sirisia)

Nasikia vikundi kadhaa hapa vinachanga pesa kwa zamu ili kila mwanachama apate nyumba. Vizuri sana. Lakini kabla hamjamwita fundi, acha niungame kosa langu.

Nilimjengea mama yangu nyumba ya matofali membamba na mabati, bila dari. Nikajivuna! Mchana alikaa nje chini ya mti kwa sababu ya joto. Usiku, baridi ya Mlima Elgon iliposhuka, alirudi kulala katika msonge wake wa zamani. Nilikasirika, halafu nikaenda kuutazama ule msonge.

Ukuta wake wa fito na udongo mnene hupokea joto la mchana polepole, na usiku huliachilia polepole. Nyasi za paa zimeshika hewa ndani yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Bati haliwezi hivyo. Tena upenu mrefu ulikinga ukuta usilowe.

Sisemi turudi nyuma. Nyasi za kuezeka ni shida siku hizi, na zinashika moto. Ezeka mabati, lakini weka dari, hata ya matete, uache nafasi ya hewa katikati. Hapa tuko karibu na ikweta, kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na zile fupi ndizo zipigwe na jua la asubuhi na la jioni.

Sasa matofali. Tanuri linakula miti, miti ileile ambayo mama ataitafuta kesho apikie. Tofali la udongo na saruji kidogo, likishindiliwa kwa mashine ya mkono, halichomwi. Hufunikwa na kunyunyiziwa maji siku kadhaa. Kikundi kinaweza kukodi mashine moja. Pimeni udongo kwanza: tia katika chupa ya maji, tikisa, acha utulie. Mchanga hukaa chini, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi tofali litapasuka, basi ongeza mchanga.

Kitu kimoja cha msonge tusikirudie ni moshi. Jiko la upesi, likijengewa vizuri kwa udongo, linapunguza kuni kuliko mafiga matatu, lakini jikoni bado panahitaji dirisha na tundu la kutolea moshi.

Mama tulimwekea dari baadaye, na sasa analala humo. Mchana bado yuko chini ya mti. Anasema huko ndiko anaona wapita njia.