Moto kwa Ajili ya Waliolowa

Somo: Matendo ya Mitume 28:1-10



Mvua zimerudi, na leo tunataka kuzungumza juu ya moto. Sisi watu wa Pentekoste, mtu akitaja moto tunakimbilia sura ya pili ya Matendo, kwenye zile ndimi zilizowashukia wanafunzi. Ni vizuri. Lakini kitabu hicho hicho kinakaribia kumalizika kwa moto mwingine, na juu ya huo tunahubiri mara chache sana. Ni moto wa kuni. Uliwashwa nje, katika mvua na baridi, tena na watu ambao walikuwa bado hawajahubiriwa Injili.

Paulo alikuwa mfungwa, anapelekwa Roma. Dhoruba iliwatesa siku kumi na nne, na siku nyingi kati ya hizo hawakuona jua wala nyota. Chombo kikavunjika. Watu 276 wakafika pwani ya Malta, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Luka, mtu aliyejua uganga, alikuwa pamoja nao, naye anataja sababu ya ule moto waziwazi: mvua na baridi. Anasema pia kwamba wenyeji waliwapokea wote. Mwanajeshi alikuwamo, mfungwa alikuwamo, baharia alikuwamo. Hakuna aliyeulizwa kabila lake au kanisa lake kabla ya kusogea karibu na moto.

Sisi tunaokaa katika milima ya Kivu tunajua kwamba kuwasha moto nje usiku, mvua inaponyesha, si mchezo. Kazi hiyo inatufundisha mambo matatu.

Kwanza, kitu kikavu kinatafutwa kabla ya mvua. Mama mwenye hekima huweka magunzi ya mahindi, majani makavu ya mgomba na vijiti vyembamba juu ya jiko, mahali ambapo moshi unavikausha. Kibiriti anakifunga ndani ya plastiki. Akingoja mpaka mvua inyeshe, amechelewa. Ndiyo maana katika Walawi 6 kuhani aliagizwa kuweka kuni kila asubuhi, ili moto wa madhabahu usizimike. Moto ulitoka kwa Mungu, lakini kuni zilibebwa na mtu. Kanisa lisiloweka akiba ya maombi na ya chakula wakati wa amani litawapa nini wanaobisha mlango usiku wa vita?

Pili, ukuni uliolowa kwa nje mara nyingi ni mkavu ndani. Ukiupasua kwa panga, utakuta kiini kinachoshika moto. Ndugu aliyekimbia vijiji vitatu anaweza kuja kwetu uso umekunjamana, hasalimii, haimbi, hasemi amina. Tusiseme kwamba mtu huyu amekwisha. Kilicholowa ni ganda. Ndani yake bado kuna kitu ambacho Mungu anakijua.

Tatu, moto unaanza kwa vitu vidogo. Ukiweka gogo kubwa juu ya cheche, umeizima. Mtu anayetetemeka kwa baridi, ukimwekea mahubiri ya saa mbili na kumwuliza ni dhambi gani iliyomletea mateso, umemwekea gogo. Anza na maji ya moto, nguo kavu, na jina lake. Kisha piga magoti, pulizia polepole, vumilia moshi machoni. Paulo alimwagiza Timotheo aichochee karama iliyo ndani yake. Kuchochea ni kazi ya mtu aliyeinama.

Kuna wanaopenda njia ya mkato, wanamwaga petroli. Mwako unaruka juu, unaunguza uso wa aliyeuwasha, na baada ya muda mfupi kuni ni mbichi kama mwanzo. Mikesha mingine iko hivyo: kelele nyingi usiku, na asubuhi jirani bado ana njaa.

Hapa tuseme neno la mwili pia. Msilale na mbabula ya makala ndani ya hema au nyumba iliyofungwa, hata baridi ikiwa kali namna gani. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua watu wakiwa usingizini. Otea moto nje, kisha uache mbabula huko huko nje.

Turudi Malta. Nani aliokota kuni? Paulo! Mtume aliyekuwa amelowa kama wengine hakukaa kungoja kuhudumiwa. Na katika mzigo wake wa kuni akatoka nyoka, akamng'ata mkono. Watu wakasema ni mwuaji. Walipoona hafi, wakasema ni mungu. Mara zote mbili walikosea. Yeye alimkung'utia nyoka motoni tu. Wapendwa, ukiwahudumia wakimbizi, maneno yatakung'ata. Watasema unatafuta pesa za mashirika. Kung'uta, uendelee kuokota kuni.

Tena tuangalie utaratibu. Baba yake Publio aliponywa homa na kuhara damu baada ya hayo, na wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja. Kwanza moto, kisha maombezi. Muujiza ulikuta watu wamekwisha kupokeana.

Wengi wetu tunakumbuka mwezi wa tano mwaka 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka. Watu wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuondoka, barabara ya Sake ikajaa watu, wazee na watoto migongoni. Waliofunguliwa mlango wakati ule hawajasahau ni nani aliyewafungulia. Na wale walioambiwa ufunguo uko kwa mchungaji, na mchungaji amelala, nao hawajasahau.

Kwa hiyo tunaombana jambo dogo. Juma hili kila kanisa liweke mzigo mmoja wa kuni kavu chini ya paa, kibiriti ndani ya plastiki, na sufuria moja kubwa. Shemasi mmoja ajulikane kwamba ndiye anayeshika ufunguo usiku. Tunapoimba tukiomba moto ushuke, kuni ziwe tayari mahali pake.

Tuombe. Bwana Yesu, baada ya kufufuka uliwawashia wanafunzi wako moto wa makaa ufukoni, ukawapikia samaki. Utufundishe kuinama kama ulivyoinama. Wanaolala kwenye mvua usiku huu, uwafunike, na utuamshe sisi tuwafungulie. Kwa jina lako tumeomba. Amina.