Kisu cha Mfukoni cha Askari wa Kata: Namna ya Kukichagua

Mazungumzo kwa wakazi wa kata



Askari polisi akitajwa, aghalabu watu huwaza bunduki, pingu na kirungu. Ni wachache wanaokumbuka kisu kidogo cha kukunja kinachokaa mfukoni mwake. Hata hivyo, katika kata inayopitiwa na barabara kuu, yenye mifugo, mashamba na vyombo vya usafiri vya kila namna, askari anaweza kumaliza miaka mingi bila kufyatua risasi hata moja, lakini wiki haipiti bila kuhitaji kitu cha kukatia. Kamba ya ng'ombe aliyenaswa kwenye uzio hukatwa. Nguo ya majeruhi huchanwa ili jeraha lionekane. Na siku basi dogo la abiria linapopinduka, mkanda wa usalama uliomwokoa abiria wakati wa kishindo unaweza kugeuka kuwa kifungo kinachomzuia kutoka.

Jambo hili linawahusu wananchi kwa sababu mbili. Wapo wazazi wanaotaka kumpa zawadi ya manufaa kijana wao aliyehitimu Shule ya Polisi Moshi. Wapo pia wakazi ambao, baada ya Jeshi la Polisi kupeleka wakaguzi wake katika kata, wanapenda kuchangia vifaa vya kazi. Makundi yote mawili huenda dukani, na huko macho huvutwa na kisu kirefu, cheusi, chenye ncha kali na sura ya kutisha. Kisu cha namna hiyo ndicho kisichofaa.

Busara ya kwanza ni kuitazama kazi kabla ya kukitazama kisu. Kisu cha askari ni chombo cha kuokoa, si silaha. Kwa kujihami na kukamata, askari amepewa vifaa vingine na mafunzo ya kuvitumia. Anayekumbuka tofauti hiyo huwa amekwisha kuvuka nusu ya safari ya kuchagua.

Ifikiriwe ajali ya usiku. Gari limelala ubavu, abiria ananing'inia katika mkanda, mafuta yananuka. Mkono mmoja wa askari umemshikilia majeruhi ili asiporomoke mkanda utakapoachia. Mkono unaobaki ni mmoja tu, nao umelowa. Kisu kinachohitaji mikono miwili kufunguliwa, kama vile vya kizamani vinavyovutwa kwa ukucha, hapo hakisaidii. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kufunguka kwa mkono mmoja. Mwaka 1981 kampuni ya Spyderco ya Marekani ilitoa kisu chenye tundu la mviringo katika bapa, ambamo dole gumba huingia na kulisukuma, pamoja na kibanio cha kukishikiza ukingoni mwa mfuko. Tangu hapo watengenezaji wengi wamefuata njia hiyo, wengine wakiweka kinundu badala ya tundu.

Sharti la pili ni komeo. Bapa likifunguka lazima lijifunge imara, lisije likakunjika na kukata vidole vya mtumiaji. Katika masoko vipo visu vya bei ndogo ambavyo komeo lake ni la jina tu. Mnunuzi anaweza kulijaribu papo hapo. Kisu hufunguliwa, hushikwa kwa namna ambayo hakuna kidole kilicho katika njia ya bapa, kisha mgongo wa bapa hukandamizwa taratibu juu ya meza. Kikikunjika au kikicheza, kiachwe dukani hata kama muuzaji atapunguza bei.

Sharti la tatu ni umbo la bapa. Urefu wa sentimita saba hadi tisa unatosha kwa karibu kila kazi ya askari. Ncha ikiwa butu ni bora kuliko ncha iliyochongoka, maana kisu hupitishwa kati ya mkanda na kifua cha binadamu anayehangaika, na ncha kali inaweza kumtia jeraha jipya mtu aliyekuja kuokolewa. Makali nayo yana namna mbili. Makali laini hukata vizuri karatasi, ngozi na nguo. Makali yenye meno hula haraka kamba ya katani, kamba ya nailoni na mkanda wa gari, kwa sababu meno huzishika nyuzi zisiteleze. Kwa askari wa barabarani, bapa lenye meno, walau kwa nusu yake, lina faida iliyo wazi.

Sharti la nne ni mpini. Chuma kilichong'arishwa hupendeza kabatini, lakini huteleza mkononi penye damu, mvua au jasho. Mpini wa plastiki ngumu wenye mikwaruzo hushikika vizuri zaidi. Rangi ya chungwa au ya manjano nayo husaidia: kisu kikianguka majanini usiku huonekana kwa mwanga wa tochi, na mwananchi anayekiona mkononi mwa askari hakidhanii kuwa ni silaha ya kumtishia.

Kuhusu chuma chenyewe, mazingira ndiyo mshauri. Penye upepo wa bahari, au pale sare inapolowa jasho mchana kutwa, chuma kisichoshika kutu kinafaa zaidi. Chuma cha kawaida chenye kaboni nyingi hupata makali mazuri na hunoleka kwa urahisi, lakini kikisahauliwa kikiwa na unyevu huota kutu upesi. Si lazima kutafuta chuma cha fahari. Chuma cha wastani ambacho askari mwenyewe anaweza kukinoa kwa kinoo cha kawaida kina thamani kuliko chuma kigumu mno kisichopata mtu wa kukinoa. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Katika ajali, kisu butu humlazimu mtu kutumia nguvu, na nguvu nyingi ndizo husababisha kuteleza na kuumiza.

Kuna visu vya uokoaji vilivyoongezewa vitu viwili kwenye mpini: ndoano yenye makali yaliyofichwa kwa ajili ya kukatia mkanda, na ncha ngumu ya kuvunjia kioo. Ndoano hiyo ni salama kuliko bapa, kwa kuwa haiwezi kuchoma. Ncha ya kioo hufanya kazi kwenye vioo vya pembeni vilivyotengenezwa ili vipasuke vipande vidogo, na hugongwa karibu na kona, si katikati. Kioo cha mbele hutengenezwa kwa tabaka zilizogandishwa pamoja. Kukigonga kwa ncha hiyo ni kupoteza muda ambao majeruhi hana.

Mahali pa kukiweka pia pana maana. Askari anayebeba bastola kuumeni hukiweka kisu kushotoni, ili kila mkono uwe na kazi yake na vyombo viwili visichanganyike wakati wa taharuki. Kisha hujizoeza kukifungua na kukikunja kwa mkono huo, akiwa ametulia, kabla ya siku ya kukihitaji.

Chombo kizuri hakitoshi bila adabu ya kukitumia. Anayekata nguo ya mtu aliyechomwa kisu au kupigwa risasi hupitisha makali pembeni ya tundu la nguo, si katikati yake, kwa kuwa tundu lile ni ushahidi. Anapokata kamba iliyofungwa, uhai ukiwa umekwisha kulindwa, huliacha fundo lilivyo, maana fundo nalo hueleza mengi mbele ya wapelelezi. Kisu chenye damu hakifutwi kwa leso na kurudishwa mfukoni. Husafishwa kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, ndani ya tundu za mpini na bawaba zake, kisha hukaushwa.

Limebaki suala la zawadi, nalo si dogo. Mzazi kumnunulia mwanawe kisu ni jambo la nyumbani. Mfanyabiashara kumpa askari wa kata kisu kwa mkono, gizani, ni jambo jingine. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Sura ya 329, inakataza kutoa na kupokea manufaa kwa lengo la kupata upendeleo, na udogo wa zawadi si kinga. Wakazi wanaotaka kuchangia vifaa wanashauriwa kupitia kwa Mtendaji wa Kata na ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kwa barua, ili kifaa kiandikwe kuwa mali ya kituo na wala si deni la mtu kwa mtu. Ofisi hiyo ndiyo pia yenye kauli ya mwisho juu ya kile ambacho askari anaruhusiwa kubeba akiwa kazini.

Vijana nao wasikosee kuelewa mazungumzo haya. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna inayowatia watu hofu. Dereva au utingo anayetaka kuwa tayari kwa ajali aweke ndoano ya kukatia mkanda ndani ya gari, mahali inapofikika kwa urahisi. Hiyo inatosha, na haimtishi mtu.

Katika lugha ya Kiswahili, aliyeshika mpini ndiye mwenye uwezo, na aliyeshika makali ndiye wa kuumia. Askari wa kata ameshika mpini kwa niaba ya umma. Kisu kinachomfaa ni kile ambacho mwananchi aliyefungwa na mkanda, katika gari lililopinduka, atakiona kikimkaribia naye asiogope. Wanaokwenda kununua waende na kipimo hicho.