Kombe Huamuliwa na Mchezaji wa Kumi na Tano



Tarehe 1 Juni 2025, jijini Mexico City, Vancouver Whitecaps ya Kanada ilifungwa mabao 5 kwa bila na Cruz Azul katika fainali ya Kombe la Mabingwa la CONCACAF. Hilo ndilo kombe la klabu bingwa wa Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Mwaka mmoja kabla, tarehe ileile 1 Juni, Columbus Crew ya Ohio ilipanda hadi Pachuca, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, ikafungwa 3 kwa bila. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya LAFC ya Los Angeles, nayo ikafungwa na León ugenini, ikafungwa tena nyumbani.

Fainali tatu mfululizo, timu tatu tofauti za ligi moja, na katika fainali zote tatu bao moja tu la kujivunia. Ligi hiyo ni MLS, ligi ya Marekani na Kanada yenye timu 30 na viwanja vizuri, ambayo leo inamlipa Lionel Messi zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka. Kwa nini basi ikifika kwa Wameksiko magoti yanalegea?

Wengine husema Wameksiko wamezaliwa na mpira. Sikubaliani nao. Vancouver hiyohiyo iliyofungwa tano ilikuwa imewatoa Monterrey na Pumas kwa faida ya mabao ya ugenini, tena kote kuwili kwa sare ya 2 kwa 2 kwenye ardhi ya Mexico. Kisha ikaifunga Inter Miami ya Messi nyumbani na ugenini, jumla ya mabao 5 kwa 1. Timu isiyojua mpira haifanyi hayo. Lakini nahodha wake, Ryan Gauld, alikuwa majeruhi tangu Machi, na kila hatua kombe lilikuwa likimega kipande kingine cha kikosi. Kufikia fainali kilichobaki kilikuwa kidogo mno.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwenye benchi.

MLS ina kanuni ya ukomo wa mishahara. Kwa msimu wa 2025 fungu la msingi la mishahara lilikuwa dola milioni 5.95, na fungu hilo linagawanywa kwa wachezaji wasiozidi 20. Juu yake klabu inaruhusiwa nyota watatu ambao mishahara yao haibanwi na ukomo, kanuni iliyoanza mwaka 2007 ili David Beckham aweze kusajiliwa na LA Galaxy, na kuna mafungu mengine maalumu ya kuongezea. Ukipiga hesabu utaona kwamba Messi peke yake anapokea zaidi ya mara tatu ya fungu la msingi la timu nzima. Kikosi kinakuwa na kichwa kikubwa na miguu myembamba. Jumamosi kwenye ligi hilo halionekani sana, kwa sababu mpinzani naye yuko hivyohivyo. Linaonekana pale timu inapocheza Jumamosi, ikapanda ndege Jumatatu, ikacheza Jumatano kwenye hewa nyembamba, na kocha akageuka kumtafuta mtu wa kumi na tano.

Upande wa pili, Mexico, hakuna ukomo wa namna hiyo. Monterrey ni mali ya FEMSA, kampuni kubwa ya vinywaji. Tigres inabebwa na CEMEX, kampuni ya saruji. Kwenye benchi lao wamekaa watu ambao katika timu nyingi za MLS wangeanza.

Kombe hili lilianza mwaka 1962. Kuanzia 2006 hadi 2021 halikutoka Mexico hata mara moja. Mpaka linatolewa lile la 2025, timu za MLS zilikuwa zimelibeba mara tatu tu: D.C. United mwaka 1998, LA Galaxy kwa lile la 2000, na Seattle Sounders mwaka 2022. Mara mbili za kwanza hatua za mwisho zilichezwa Marekani, kituo kimoja, hakuna safari ya Mexico. Kwa hiyo kwa mtindo wa nyumbani na ugenini ni Seattle peke yake.

Na Seattle walifanyaje? Katika fainali walitoka sare ya 2 kwa 2 na Pumas ugenini kwa penalti mbili za Nicolás Lodeiro, ya pili ikiwa ndani ya dakika za nyongeza. Kwenye marudiano, tarehe 4 Mei 2022, mbele ya watu 68,741, João Paulo na Nouhou Tolo wakaumia na kutoka kabla ya nusu saa kwisha. Timu nyingine za ligi ile zingeyumba. Seattle waliingiza watu wa akiba na mpira ukaendelea kutembea. Raúl Ruidíaz akafunga mawili, Lodeiro la tatu, basi.

Lakini walilipia. Msimu uleule Seattle walikosa hatua ya mtoano ya ligi kwa mara ya kwanza tangu wajiunge na MLS mwaka 2009. Klabu iliyojengwa vizuri kuliko nyingi, ikabeba kombe la bara, kisha ikakosa nguvu ya kumaliza ligi ya nyumbani. Mimi naona huo ndio ushahidi mzito kuliko hata kipigo cha Vancouver.

Wenye ligi wana hoja yao, na ni haki tuisikilize. Ligi iliyowatangulia, NASL, ilimleta Pelé New York Cosmos mwaka 1975, klabu nyingine zikajitahidi kumwaga fedha kama Cosmos, na baada ya msimu wa 1984 ligi ikafa. MLS yenyewe, iliyoanza mwaka 1996, mwaka 2002 ilifunga klabu mbili za Florida ikabaki na kumi. Ukomo wa mishahara ulizaliwa na hofu ya kufa kama NASL, na wakati ule ilikuwa hofu ya busara. Leo ni ligi ya klabu 30. Huwezi kuendelea kula kama mgonjwa miaka yote baada ya kupona.

Wapo pia wanaosema benchi la bei nafuu linafungulia vijana mlango. Hapa napunguza ukali, kwa sababu namfikiria Bernard Kamungo. Kijana huyu alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wake wakiwa wametoka Kongo. Familia ikahamia Abilene, Texas. Kaka yake akalipa dola 90 ili akafanye majaribio ya wazi kwenye timu ya pili ya FC Dallas, akachukuliwa, akapanda timu ya kwanza, na Agosti 2023 akaifunga Inter Miami ya Messi bao katika sare ya 4 kwa 4. Januari 2024 akavaa jezi ya taifa ya Marekani. Mlango ule ni wa kweli na ninaupenda. Ila kijana hukua kwa kuwa na mzoefu pembeni yake mazoezini, na mzoefu wa kiwango cha kati ndiye hasa ambaye fungu lile la msingi linamkosa.

Wala tusidhani fedha peke yake inatosha. Machi 2023, katika kombe hilihili, Austin FC ya Texas ilikutana na Violette ya Port-au-Prince, Haiti. Nchi ilikuwa imevurugwa na magenge ya silaha, ligi ya nyumbani imesimama, na Violette ililazimika kucheza mechi yake ya nyumbani Jamhuri ya Dominika. Ilishinda 3 kwa bila. Marudiano Austin walishinda 2 kwa bila, hayakutosha, Wahaiti wakapita. Kila nikiikumbuka mechi ile moyo unanifurahi.

Lipo pia suala la kalenda. Kombe linaanza Februari, timu za MLS zikiwa ndiyo kwanza zinatoka kwenye maandalizi ya msimu, na Wameksiko wako ligini tangu Januari. Hilo limeanza kushughulikiwa: Novemba 2025 MLS ilitangaza kwamba mwaka 2027 itahamia msimu wa kuanzia Julai hadi Mei. Uamuzi mzuri, niliousubiri.

Lakini ukomo wa mishahara umebaki. Pendekezo langu ni dogo. Klabu iliyofuzu Kombe la Mabingwa iruhusiwe kusajili wachezaji wanne au watano ambao mishahara yao haitahesabiwa kwenye ukomo kwa mwaka huo. Bingwa wa bara hupewa takriban dola milioni 5, kwa hiyo sehemu ya gharama ingeweza kurudi kupitia kombe lenyewe. Na wasitwambie kwamba Kombe la Ligi, lile ambalo tangu 2023 klabu zote za ligi hizi mbili hukutana kila kiangazi, linatosha kuwa kipimo. Miaka mitatu ya mwanzo ya mfumo huo mechi zote zilichezwa Marekani na Kanada. Mshabiki wa Toluca au wa Pachuca hakuiona timu yake hata mara moja kwake. Kipimo kiko Pachuca, kiko Monterrey, kiko Mexico City, usiku wa katikati ya wiki, na dakika ya 70 kocha wa MLS anapaswa kuwa na mtu wa kumwita kutoka benchi.

Msikilizaji, hayo ni maoni yangu.