Maumivu ya Mgongo na Namna ya Kuyazuia Yasirudi

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeombwa niseme juu ya maradhi ya mgongo, na sababu yake haihitaji maelezo marefu mbele ya chama ambacho wanachama wake wengi huishi kwa nguvu za mwili wao. Hamali wa sokoni, msukuma mkokoteni, mama apaliliaye shamba, dereva akaaye kitini tangu alfajiri: kila mmoja wao hula kwa mgongo wake. Mgongo ukigoma, chakula cha nyumba nzima huingia mashakani, na karo ya watoto hali kadhalika.

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye kidonda huonekana kidonda chake, na mwenye homa hujulikana kwa kuguswa tu. Bali mwenye maumivu ya mgongo hana alama ya kuonyesha. Kwa hiyo wenzake humdhania kuwa anategea kazi. Naomba tuiondoe dhana hiyo kwanza. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba maumivu hayo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe na shughuli zao. Hao wote si wavivu.

Sasa tuutazame mgongo wenyewe. Uti wa mgongo una pingili 24 zichezazo, na 5 za kiunoni ndizo zichukuazo uzito mkubwa zaidi. Baina ya pingili mna visahani vya gegedu, na kandokando mna misuli na mishipa ya fahamu. Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu. Katika wagonjwa 10 wa namna hiyo, karibu 9 hawaonekani kuwa na mfupa uliovunjika, wala uvimbe, wala maradhi mengine yawezayo kutajwa kuwa ndiyo chanzo. Maumivu yao ni ya kweli, ila si dalili ya kwamba mgongo umeharibika.

Hapo wengi hutishwa na picha za hospitali. Mtu huambiwa kwamba visahani vyake vimechakaa, akarudi nyumbani akijihesabu kilema. Mwaka wa 2015 wataalamu walikusanya habari za picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Katika wale wenye umri wa miaka 20, watu 37 katika kila 100 walikuwa na dalili za kuchakaa. Katika wale wa miaka 80, watu 96 katika 100. Basi kuchakaa huko ni kama mvi kichwani: huja pamoja na umri, na peke yake si ugonjwa.

Lakini ziko dalili ambazo hazingoji. Mtu akifa ganzi sehemu za siri, akishindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu ikilegea, na apelekwe hospitali siku ile ile, maana akichelewa aweza kupooza. Hali kadhalika na aonwe na daktari mapema mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, na yule aliyeanguka vibaya. Kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo, na ugonjwa wa brusela, upatikanao kwa kunywa maziwa mabichi, huumiza mgongo pia. Maradhi hayo yana dawa zake, na mazoezi hayawezi kushika mahali pa dawa hizo.

Tukiisha kuyaweka hayo kando, matibabu ni yapi? Zamani mgonjwa aliamriwa kulala kitandani. Mwaka wa 1986, huko Marekani, wagonjwa waliougua kwa muda mfupi waligawanywa: wengine waliambiwa walale siku 2, wengine siku 7. Waliolala siku 7 hawakupona upesi zaidi, ila walikosa kazi siku nyingi zaidi. Mwaka wa 1995, huko Helsinki, wafanyakazi wa mji walioendelea na shughuli zao kwa kadiri walivyoweza walipata nafuu upesi kuliko waliolazwa kitandani. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Misuli isiyotumiwa hulegea, na mgongo uliolegea huumia kwa jambo dogo. Tena anayelala siku nyingi huanza kuogopa kila mwendo, na woga huo huyazidisha maumivu.

Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu sugu ya mgongo. Lilisifu mazoezi, mafunzo kwa mgonjwa, kukandwa na mtaalamu, na mazungumzo ya kumwondolea mtu hofu. Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kama ibuprofeni, zaweza kusaidia; walakini zikimezwa siku nyingi bila shauri la daktari huweza kudhuru tumbo na figo, hasa za wazee na wenye shinikizo la damu. Shirika halikusifu mikanda ya kiuno, wala mashine za kuvuta mgongo, wala dawa za jamii ya afyuni. Mwanachama asiuze mbuzi ili anunue mkanda.

Mazoezi si lazima yawe magumu. Anayeweza kutembea dakika 10 na atembee 10, na juma lijalo 12. Mwenye kulala chali, akaikunja miguu, akainua kiuno na kukishusha polepole, aimarisha misuli ya nyuma bila gharama. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si hatari. Yakizidi sana na kudumu hata kesho yake, na apunguze kiasi, asiache.

Maumivu haya yana tabia ya kurudi. Mwaka wa 2024 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Australia kwa watu 701 waliokuwa wamepona karibuni. Baadhi yao waliongozwa na mtaalamu wa viungo kutembea, wakiongeza hatua kwa hatua hata dakika 30 kwa siku, mara 5 kwa juma. Nusu ya hao walipita siku 208 kabla ya kuumwa tena, hali wenzao wasioongozwa walipita siku 112. Huenda mtu akauliza, “Mimi hutembea kila siku kwenda kazini, mbona naumwa?” Jibu ni kwamba kutembea hupunguza hatari wala hakuiondoi, na mzigo uliopita kiasi huweza kuibomoa kazi yote ya miguu.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya chama. Mwaka wa 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mwanamume mzima asipewe kubeba kwa mikono mzigo uzidio kilo 55. Gunia la mahindi tulilozoea lina kilo 90. Twaweza kumfundisha hamali apige magoti, aukumbatie mzigo karibu na mwili, asijipinde akiwa nao. Lakini mafundisho hayo hayatoshi ikiwa gunia lenyewe limemzidi.

Kwa hiyo naleta mashauri matatu mbele yenu. Kwanza, tuwaombe wenye bidhaa sokoni wapakie magunia ya kilo 50, na mizigo mizito ichukuliwe na watu wawili au kwa toroli. Pili, majembe yatiwe mipini mirefu, na apaliliaye abadilishe kazi kila baada ya muda badala ya kuinama tangu asubuhi hata adhuhuri. Tatu, mwanachama aumwaye mgongo atafutiwe kazi nyepesi kati yetu, kama kuhesabu mali au kulinda ghala, hata nguvu zimrudie. Aliyeumia kazini akumbuke kumwarifu mwajiri wake mapema, kwa kuwa sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya wanaoumia kazini yampa haki ya kudai fidia.

Wazee wetu, neno lenu lasikiwa. Kijana akiwaona mwamwita mvivu mwenye kuumwa, ataficha maumivu yake na kubeba mpaka aanguke. Akiwaona mwampa kazi nyepesi na kumhimiza atembee, atasema mapema, naye atapona mapema.