Mdomo Nao Ufanye Mazoezi

Leo nazungumza hasa na vijana wanaosomea uuguzi na utabibu, pamoja na wazazi na wakufunzi wao.

Mwanafunzi hufundishwa kudunga sindano kwa mwanasesere kabla hajamgusa mgonjwa. Mkono umefanya mazoezi. Je, mdomo? Ni nani humfundisha kumwambia mkubwa wake kazini, "Hili si salama"? Wengi hukutana na jambo hilo mara ya kwanza wakiwa wodini, usiku, wamechoka. Basi hunyamaza.

Mchezo wa kuigiza waweza kusaidia, lakini si ule wa kukaa na kutazama tu. Augusto Boal wa Brazil alianzisha miaka ya 1970 mchezo ambao watazamaji huubadilisha wenyewe. Wanafunzi huigiza kisa kifupi kinachoisha vibaya, kisha hukirudia. Mtazamaji akiona pa kurekebisha, husema "Simama!" Huingia, akachukua nafasi ya mwanafunzi na kujaribu njia yake.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi amejichoma kwa sindano iliyotumika. Sista wa zamu anamwambia, "Nyamaza, utatuletea maneno. Maliza kazi." Kisa kinaisha mwanafunzi akiwa amejificha, analia.

Kikirudiwa, mtazamaji wa kwanza anamfokea sista. Wanagombana, na saa zinapita. Wa pili anaomba msamaha, anarudi kazini. Wa tatu anasema kwa upole, "Sista, nimejichoma. Naenda kuosha mkono, kisha niandikiwe ripoti na nionwe na daktari sasa hivi. Naomba mwenzangu anishikie kazi." Sista asikubali upesi, mwanafunzi arudie maneno yake bila matusi, au amwendee mkufunzi.

Hapo ndipo mafunzo yanapoingia. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue damu. Toa habari mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, yaani PEP, zianzwe mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 72, nazo humezwa kwa siku 28. Uliza pia habari za chanjo ya homa ya ini aina ya B. Anayenyamaza siku tatu amepoteza nafasi ambayo hairudi.

Wakufunzi, mnapoandaa mchezo huu, msitaje jina la mtu wala hospitali. Msimdhihaki sista, huenda naye anahudumia wodi nzima peke yake. Msimlazimishe mtu kuigiza yaliyompata. Mwishoni kaeni pamoja mzungumze, na kila mwanafunzi aondoke akijua amwendee nani akipatwa na tatizo. Tena, mchezo hauchukui nafasi ya glovu wala masanduku ya kutupia sindano. Vifaa hivyo ni lazima viwepo.

Nanyi wazazi, kijana akirudi nyumbani kutoka zamu, msimwulize tu kama amefaulu mtihani. Mwulizeni pia kama kuna jambo lililomtisha kazini, na mumsikilize bila kumkemea.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwanafunzi aliyezoea kusema darasani hatashindwa kusema wodini.